Ambulensi ya Kennedy Haikustahili Kupanda Jukwaani

Mliotazama mnada wa Barrett-Jackson pale Scottsdale, Arizona, Januari 2011, hamjaisahau ile Pontiac Bonneville ya 1963 yenye bodi ya Superior Coach wa Lima, Ohio. Ilipanda jukwaani Januari 22 na dai zito mgongoni: kwamba ndiyo ambulensi ya Jeshi la Majini iliyobeba mwili wa Rais John F. Kennedy, usiku wa Novemba 22, 1963, kutoka uwanja wa kijeshi wa Andrews hadi hospitali ya Bethesda. Nyundo iligonga kwenye dola 120,000, na ukiongeza ada ya mnunuzi, 132,000. Bei haina neno, kila mtu na pesa zake. Neno langu ni juu ya uamuzi wa kuliachia gari lile liingie ukumbini na dai lake lote, ilhali ushahidi uliokuwepo ulikuwa unalikana.

Tuseme kilichotokea. Kabla ya siku ya mnada, wafuatiliaji wa magari ya kale walikuwa wameshachapisha mashaka yao, tena si mashaka ya kusikia barazani. Maktaba ya Kennedy kule Boston ilikuwa na picha za ambulensi ya Kennedy ikisagwa mwaka 1986. Gari lilikuwa limekabidhiwa maktaba, ikaamuliwa lisagwe, likasagwa, na waliosimamia kazi hiyo wakapiga picha. Kazi safi.

Sasa, gari lililosagwa 1986 haliwezi kuuzwa 2011. Kama yapo mawili, moja ni la uongo, na mwenye kuuza lililobaki ndiye anayedaiwa maelezo. Nyumba ya mnada ilikuwa na njia zaidi ya moja ya kutoka hapo bila aibu. Ingeweza kuliondoa gari kwenye orodha, watu wakasahau kufikia Jumatatu. Ingeweza kuliuza kama lilivyo, Pontiac ya wagonjwa ya 1963, na wapenzi wa magari ya Superior wangelinunua, maana bodi hizo si nyingi na injini yake ya V8 ya inchi za ujazo 389 si haba. Ingeweza hata kuomba muda, nambari ya chasisi ikalinganishwe na kumbukumbu za Jeshi la Majini. Badala yake ikasimama na nyaraka za muuzaji, na kazi ya kuthibitisha ikawaangukia wenye shaka. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, kabla hata dalali hajafungua mdomo. Katika kufuatilia historia ya gari, anayedai ndiye anayethibitisha. Ukishageuza utaratibu huo, kila gari la kijivu la 1963 linaweza kuwa la Kennedy hadi mtu mwingine agharamie kukukanusha.

Na walianzia mwisho usiofaa. Walikuwa na gari mkononi, wakarudi nyuma kulitafutia usiku wake. Fundi wa kazi hii huanzia mahali ambapo gari halina ubishi, akashuka nalo mwaka kwa mwaka hadi leo. Na usiku ule wa Andrews ulirekodiwa na televisheni. Jeneza linashushwa kwa lifti kutoka kwenye ndege, Jacqueline Kennedy anakwenda nyuma ya ambulensi, anashika kitasa cha mlango, mlango umefungwa. Kwa sekunde chache mjane wa rais amesimama pale na mkono kwenye kitasa mbele ya taifa zima. Kisha mlango unafunguka, yeye na Robert Kennedy wanaingia nyuma pamoja na jeneza, na anayeshika usukani ni William Greer, yuleyule aliyekuwa akiendesha Lincoln ya rais kule Dallas mchana wake. Filamu hiyo ndiyo hati ya kwanza. Simamisha picha, tazama maandishi yalipo, taa ilipo, madirisha yalivyokatwa, kitasa kilivyo. Ukimaliza hapo ndipo ufungue mafaili.

Mafaili nayo yana mpangilio wake. Kiwandani kuna karatasi: kumbukumbu za Pontiac tangu magari ya 1961 zimehifadhiwa, na mwenye nambari ya chasisi huweza kupata nakala ya ankara inayoonyesha gari liliagizwaje na lilipelekwa wapi. Bodi ina kibati chake, kwa sababu Superior ilipokea chasisi kutoka Pontiac na kujenga juu yake. Halafu linakuja pengo ambalo ndilo huzaa uongo mwingi. Gari la jeshi la Marekani halitembei na hati ya umiliki ya jimbo. Likiuzwa kama chakavu, mnunuzi hupewa Fomu 97 ya serikali, naye huipeleka jimboni apate hati ya kwanza. Upande wa kwanza wa pengo hilo wamekaa wanajeshi na daftari zao, upande wa pili raia na hadithi zao. Fomu ile ndiyo daraja. Asiye nayo anaweza kuwa na gari zuri, lakini hana jina la kulipa.

Najua nitaambiwa kuhusu maandishi ubavuni. Nimeshaandika humu mara nyingi, na wenye gereji za kupiga rangi hawanipendi kwa hilo: rangi si ushahidi. Mwenye stensili na mchana mmoja mtulivu anaandika nambari yoyote ya jeshi atakayo. Hata bati la namba halitoshi. Lincoln X-100, gari ambamo Kennedy alipigwa risasi, ilikuwa na bati la GG 300. Gari lenyewe liko makumbusho ya Henry Ford kule Dearborn, lakini bati zake zilibaki kwa familia ya mwenye karakana iliyolifanyia kazi gari hilo, zikauzwa peke yake Dallas mwaka 2015 kwa dola 100,000. Angezinunua mjanja akazifunga kwenye Lincoln nyingine ya 1961, sijui ni watangazaji wangapi wa minada wangemshtukia. Wale wenzetu macho yao huwa kwenye ubao wa bei tu. Sijawahi kumsikia mmoja akisoma chasisi hewani.

Hiyo Lincoln ndiyo mfano wa kazi iliyonyooka. Mwenyewe alikuwa Ford, akiikodisha kwa walinzi wa rais kwa dola 500 kwa mwaka. Baada ya Dallas ilikwenda Cincinnati kwa Hess & Eisenhardt ikajengwa upya, ikarudi kazini 1964, ikatumika hadi 1977, kisha ikaingia makumbusho. Hakuna mwaka ambao utauliza ilikuwa wapi ukakosa jibu.

Ila shujaa wangu katika mambo haya hakuwa fundi, alikuwa jaji. Mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Uingereza ilimpokea Ed Hubbard, aliyekuwa amekubaliana kuuza Bentley iitwayo Old Number One kwa pauni milioni 10, na mnunuzi akageuka akidai silo gari lenyewe. Gari hilo lilishinda Le Mans 1929 na 1930, likabadilishwa injini na chasisi, likaua dereva Brooklands 1932, likavishwa bodi nyingine. Chuma cha 1929 kilichobaki humo kilikuwa kidogo mno. Jaji Otton aliketi akapitia badiliko moja baada ya jingine, nani alifanya, lini, na gari lilikuwa mikononi mwa nani, akaamua kwamba ndilo, kwa kuwa hakuna siku lilipotoweka likazuka jingine mahali pake. Leo hatuna mtu wa minada mwenye subira ya namna ile. Lipime gari la Scottsdale kwa kipimo cha Otton. Chuma chake kinaweza kuwa cha 1963 chote, hadi skrubu, na bado likaanguka, kwa sababu kisa cha gari lile la Andrews kilikomea kwenye mashine ya kusagia.

Kwa nini basi walikubali? Jina. Kennedy anauza, hata kwetu. Mfuko wa familia yake ulitoa dola 100,000 mwaka 1960 kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki waliopelekwa Marekani na Tom Mboya, na Nyerere alikuwa mgeni wake Washington Julai 1963. Dola ya 1960 na ya 2011 si sawa, najua, lakini inauma kidogo kwamba gari lenye utata lilipata zaidi ya ndege za wanafunzi.

Wanunuzi wa huku wasicheke sana. Dalali wa bandarini anayekuapia kwamba gari lilikuwa la mwalimu mstaafu wa Yokohama, kilomita elfu thelathini, la kwenda sokoni tu, anafanya biashara ileile kwa bei ndogo.

Januari 2012 Barrett-Jackson haohao, palepale Scottsdale, waliuza gari la maiti aina ya Cadillac lililomtoa Kennedy hospitali ya Parkland kule Dallas, kwa dola 160,000. Hilo sikulipinga.

Ombi langu ni kwa walionunua ambulensi na magari ya zimamoto kwenye minada ya serikali zetu. Siku gari linapovuliwa STK au GK na kupewa namba ya raia, barua ya mnada na stakabadhi huishia kwenye droo, kisha jalalani. Zitoeni nakala, mziambatanishe na kadi, muandike nambari ya chasisi juu ya kila ukurasa. Na kama kibati cha aliyejenga bodi bado kipo, fundi wa rangi asikiguse.