Katika picha, nani anaamua?

Wenzangu wa chama, tukinunulia mtoto kitabu, mara nyingi tunaangalia bei na kama Kifaransa chake si kigumu. Mimi ninaomba tuanze na picha: nani anafikiri, nani anaamua?

Tuchukue Tintin au Congo ya Hergé. Katika albamu ya 1931, Tintin anafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé alibadilisha, ikakuwa somo la hesabu. Lakini ile midomo minene na ule ujinga wa watu wetu vilibaki. Somo jipya, mwalimu ni yule yule.

Sasa fungua Prince de la rue ya Dominique Mwankumi, Mkongomani. Mtoto wa barabarani wa Kinshasa anatengeneza vichezeo kwa makopo yaliyotupwa. Maisha ni magumu, mwandishi hafichi. Lakini akili na mikono ni vya mtoto mwenyewe.

Mtasema: Tintin inachekesha! Ndiyo, mkubwa aisome na kuichambua. Ila mtoto wa miaka 6 bado anajitafuta katika picha. Akicheka pale, anamcheka nani?