Thames ya Jerome: mto wa vicheko na maiti moja

Jamani, nilikishika Three Men in a Boat (1889) cha Jerome K. Jerome nipate kuutembea mto Thames nikiwa kitini kwangu. Vivutio vipo: Hampton Court na vichochoro vyake vya kumpoteza mtu, Runnymede alikobanwa Mfalme John mwaka 1215. Ila mwandishi akigusa historia tu, maneno yanavimba. Kurasa hizo nilizirukaruka, sitaficha.

Halafu wakikaribia Goring, wanakuta maiti ya mwanamke inaelea: mama maskini, ndugu wamemtupa. Hapo sentensi zinatulia. Wafalme wote wametajwa. Huyu hata jina hana.

Na sura inayofuata? Wanasimulia walivyojaribu kufua nguo kwenye mto uleule. Nilicheka, kisha nikajisuta.