Si Kila Babu Alijenga Reli

Mwezi uliopita nilialikwa arusini Mombasa. Kabla ya biriani kupakuliwa tukaongozwa hadi ukumbini kutazama shajara ya ukoo wa bwana arusi. Ilikuwa imechapishwa kwenye kitambaa kirefu kuliko mlango, ina mbuyu wa rangi ya dhahabu, na pale penye mizizi wameweka picha ya vibarua wamesimama juu ya mataruma. Chini ya picha pameandikwa kwamba mzee Kanji, shina la ukoo, alifika mwaka 1896 kujenga reli ya Uganda. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alifuta machozi. Mimi niliyasoma majina mara mbili, nikarudi kitini, na utamu wa biriani ile sikuupata.

Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini ni nasaba za Wahindi wa Afrika Mashariki. Fundi wa shajara kukosea hakuniudhi, kwa sababu hii ni kazi ya kukosea na kurudia. Kilichoniudhi ni sifa. Watu wenye akili zao, wasioweza kununua pete bila kuipeleka kwa sonara, walikuwa wanasifia dhahabu ya mbuyu na hakuna hata mmoja aliyesoma majina. Basi naandika jinsi shajara inavyotazamwa na mtu anayejua anachokitazama.

Nianze na reli, maana ndiko uongo mwingi unakoanzia. Ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu, enzi hizo Port Florence, Desemba 1901. Wafanyakazi walioletwa kwa mkataba kutoka India walikuwa 31,983. Waliokufa 2,493. Waliorudishwa kwa maradhi au ulemavu 6,454. Waliorudi kwao mkataba ulipokwisha 16,312. Waliobaki ni 6,724 tu, yaani mmoja kati ya watano, na wengi wa watu wale walikuwa Wapunjabi walioandikishwa Lahore na kupakiwa melini Karachi. Sasa nikiletewa ukoo unaozungumza Kikachi, lugha ya Kutch huko Gujarat, nyumbani, wenye maduka tangu babu hajaota ndevu, na wanasema mzee wao alipigilia misumari ya reli, nauliza mara ya pili na ya tatu. Haiwi muhali. Waashi wa Kikachi walikuwepo, na makarani walikuwepo. Lakini ushahidi ni juu yao.

Tangu serikali ya Kenya iwatambue Wahindi kuwa kabila la 44, mwaka 2017, naona hamu ya reli imezidi. Kila ukoo unataka chuma kwenye mizizi yake. Mimi sioni aibu yoyote ya mtu kuwa amekuja kuuza vitambaa. Allidina Visram alitoka Kutch akiwa mtoto, miaka mingi kabla ya taruma la kwanza, na maduka yake yakafuata njia za misafara na baadaye njia ya reli mpaka Uganda. Mwenye babu muuza vitambaa ana babu mzima, hahitaji kuazima wa mwenzake.

Simba wa Tsavo, waliokula wajenzi wa reli, nao wana lawama yao. Patterson, mhandisi wa reli aliyewaua simba wale wawili Desemba 1898, aliandika katika kitabu chake cha 1907 kuwa waliliwa Wahindi 28, mbali na Waafrika ambao hakuna aliyejali kuwaandika. Wanaonijia na babu aliyeliwa na simba ni wengi mno kwa hesabu hiyo. Tena aliyeliwa akiwa kijana peke yake kambini hakuacha ukoo Tsavo. Aliacha mama anayelia Punjab.

Kuna mlaghai mmoja, simtaji, aliyewahi kuandika kwenye shajara ya watu wenye fedha kuwa mzee wao alitia nanga Lamu Julai 1889, kwa jahazi kutoka Mandvi, bandari ya Kutch. Julai! Mtoto yeyote wa Lamu anajua kuwa Julai ni kusi. Majahazi ya India huja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na kusi ndiyo inayoyarudisha. Nilipomkabili hakuona haya. Aliniambia mteja alitaka tarehe kamili ya kusherehekea, na Julai ndio mwezi wa likizo ya wajukuu. Shajara ile ipo mpaka leo, imewekwa kwenye fremu ya mninga.

Miaka nayo ina mtego wake. Daftari la zamani la Kigujarati haliandiki mwaka wa Kizungu bali Samvat, iliyo mbele kwa miaka 56 au 57, kutegemea mwezi. Mtu akisoma Samvat 1955 akadhani ni juzi, hajui kwamba anaangalia 1898 au 1899. Wazee nao husema tu kwamba fulani alikuja “chhappaniyo”, hamsini na sita, na kwa mwenye masikio hiyo inatosha kabisa: ni njaa kubwa ya Gujarat ya Samvat 1956, yaani 1899 kuingia 1900, iliyowasukuma watu wengi baharini. Nimeona fundi akiisikia hamsini na sita hiyo akaandika 1856. Ukoo ukafurahi, kwa kuwa ghafla wamekuwa wakongwe kuliko majirani zao.

Lakini hayo yote ni madogo. Kuna jambo moja ambalo asiyejua hulipita kila mara, nalo limo waziwazi kwenye kila tawi la shajara. Ni jina la pili.

Mswahili hapaswi kushindwa hapa. Juma Ali ni mtoto wa Ali, si mtu wa ukoo wa Ali, na mwanawe Juma ataitwa Hamisi Juma. Wagujarati wa kale walikuwa vivyo hivyo, Wahindu, Makhoja na Mabohora. Allidina Visram maana yake ni Allidina mtoto wa Visram. Tharia Topan, yule tajiri wa Zanzibar, ni Tharia mtoto wa Topan. Jina lilikuwa linatembea: kila kizazi kinasukuma mbele jina lake na kuacha nyuma la babu. Halafu, siku moja, likaganda. Mtoto alipelekwa shule, au kijana alikwenda kuomba pasi ya kusafiria, na karani mwenye fomu yenye nafasi ya jina la ukoo akachukua neno la mwisho aliloliona. Tangu siku hiyo wote waliofuata wakalibeba.

Kwa hiyo ukitaka kuijua shajara, weka kidole kwenye jina la kijana wa leo upande nalo. Kwenye shajara ya kweli utaona jina la pili limetulia kizazi baada ya kizazi, kisha mahali fulani, mara nyingi kwa aliyezaliwa mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni mwa ile ya 20, linaanza kusogea. Ramji Kanji. Juu yake Kanji Devji. Juu yake Devji Mulji. Majina yanashikana kama pete za mnyororo, la pili la mtoto ni la kwanza la baba. Ukifika hapo, tulia, umo mikononi mwa fundi. Lakini kidole chako kikifika mpaka mizizini na jina la pili ni lilelile, Kanji, Kanji, Kanji hadi mwaka 1820, basi shajara hiyo ilichorwa kutoka juu kwenda chini kwa kukisia. Hao Kanji wa juu hawakuwahi kuishi.

Ile ya arusini ilikuwa hivyo. Tena ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu fundi alikusanya kila Kanji aliyemwona kwenye karatasi za Mombasa, Kisumu na Kampala akawafanya ndugu saba. Kanji ni jina la mtu, na huko Kutch lilikuwa la kawaida kama Juma kwetu. Mmoja wa wale saba ni Mlohana, yaani Mhindu, mwingine ni Khoja, Mwislamu. Wamewekwa tumbo moja ili mbuyu upate matawi.

Na kosa lilelile hutenganisha ndugu wa kweli. Niliwahi kuhangaika miaka mitatu na ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa alisomea Zanzibar, jina likagandia kwa babu. Wa kati alikuwa seremala, akaandikwa Mistry. Mdogo alipata pasi yake kwa karani aliyempa jina la kijiji. Vilembwe wao wanasalimiana msikitini bila kujua kuwa ni damu moja. Kilichowafunua ni tangazo la mirathi katika Gazeti Rasmi la enzi ya himaya: marehemu ana jina hili, anayeomba kusimamia mali ana jina jingine, na katikati limeandikwa neno moja, ndugu. Gazeti lile lilianza kutoka mwaka 1899, na nakala zake zinasomeka pale kwenye nyaraka za taifa Nairobi, jengo lililokuwa benki. Siku nzima inapita hujapata kitu, vumbi limekujaa puani. Sijui kwa nini fundi anayetoza fedha nyingi hawezi kwenda kukaa pale siku moja.

Kwa Wapunjabi jambo ni gumu zaidi, maana Singh si ukoo hata kidogo, na karani aliwaandika elfu kwa elfu kwa jina hilo. Pale bila kijiji huna kitu. Wagoa wana vitabu vyao vya ubatizo na majina ya Kireno, hao nawaachia wenzangu.

Kijiji ndicho kinachotangulia. Fundi akianza kwa kukuuliza jina la ukoo, funga mazungumzo. Akianza kwa kuuliza kijiji, mpe kiti. Mabaroti wa Gujarat, ambao kazi yao ya kurithi ni kusoma nasaba za watu, huanzia kijijini. Mapanda, makuhani wa Haridwar kando ya mto Ganges, hivyohivyo: vitabu vyao virefu vimepangwa kwa kijiji na jamaa, na Mhindu anayepeleka majivu ya mzazi huandikisha majina ya waliozaliwa tangu safari iliyopita. Wasoma nasaba hawa walikuwa wakikesha na kitabu kimoja. Leo kijana anabonyeza simu, anatema mate kwenye kichupa, anapewa asilimia za bara, anaita hiyo nasaba. Mate hayajui jina la kijiji.

Tena sisifu shajara isiyo na akina mama. Wanaume walitangulia wengi peke yao, na si wachache waliooa wanawake wa hapa. Nikiona mzee aliyefika 1880 ana watoto watano na mahali pa mke pamewekwa maua, najua mtu amefichwa, na mara nyingi aliyefichwa ni Mswahili, Mgiriama au Mkamba. Fundi mwema huacha nafasi wazi, akaandika: mama, jina halijulikani. Nafasi wazi ni heshima, maua ni uongo.

Mzee aliyenifundisha kazi hii ametangulia mbele ya haki. Hakuwa na kompyuta, alikuwa na daftari za mistari na kalamu ya risasi, na alikuwa akisubiri. Mwaka 1998 alinichukua Malindi kwa bibi mmoja Mhindu, mjane aliyekaribia miaka tisini, ambaye wajukuu zake walishalipa watu wawili bila kupata cha maana. Nilikuwa kijana, nikamuuliza moja kwa moja: bibi, baba mkwe wako akiitwa nani? Akanyamaza. Nikarudia kwa sauti, nikidhani hasikii. Akavuta mtandio. Mzee akanigusa goti. “Mwanangu, huyu hawezi kulitamka. Mkwe hatamki jina la baba mkwe.” Akamgeukia kwa upole: “Mama, kile kibao cha duka kiko wapi siku hizi?”

Kilikuwa uani, kimefunika pipa la maji. Tulikigeuza, tukakifuta kwa kitambaa. Juu herufi za Kigujarati, chini za Kizungu: majina mawili, la pili Premji, jina la ukoo wao wote mpaka leo. Wale wawili waliolipwa kabla yetu walikuwa wameandika kuwa Premji ndiye aliyefika. Bibi akainama, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akafunika uso. Huyo ndiye baba mkwe. Mzee akaonyesha la pili. Bibi akatikisa kichwa, akaingia ndani, na tulisubiri mpaka chai ikapoa. Akarudi na daftari la jalada jekundu lililofungwa kwa uzi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mkono wa yule baba mkwe: jina lake, jina la baba yake Premji, jina la baba wa Premji, kijiji cha Kutch, na Samvat 1949, mwaka aliopanda jahazi Mandvi akiwa peke yake.

Mzee aliyasoma yote kwa sauti, polepole, kisha akauliza Premji alizikwa mji gani huku kwetu. Hapo bibi alizungumza kwa mara ya kwanza, kwa Kiswahili safi cha Malindi. Alisema Premji alichomwa kijijini kwao. Hakuwahi kuiona bahari.