Ramu Mpya, Kompyuta Yazimika: Jinsi Ubovu Ulivyotafutwa Mpanda

Kompyuta iliyokuwa ikitenda kazi yake kwa salama, kisha ikaongezewa kumbukumbu ili wepesi wake uzidi, na badala ya kuzidi ikaanza kuganda, kujizima na kujiwasha au kutoa skrini ya buluu, humtia mwenyewe katika hukumu ya haraka, kwamba ramu mpya ni mbovu na irudishwe ilikotoka. Hukumu hiyo huenda ikasibu. Lakini hutolewa kabla ya ushahidi, nayo haimwambii mtu la kufanya endapo kipande kingine kitakacholetwa kitazusha masaibu yaleyale.

Katika mji wa Mpanda, uliokua kwa mgodi wa risasi na kwa tawi la reli litokalo Kaliua, na ambao tangu 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, kosa la namna hiyo lina gharama yake, maana kipuri kisichopatikana mjini huagizwa Tabora, Mbeya, Mwanza au Dar es Salaam, kikaja kwa basi, na mnunuzi aghalabu huwa amekwisha kulipa kabla hajakitia machoni. Fundi wa mahali kama hapo hana budi kujua kwa yakini kilichoharibika kabla ya kuagiza kingine. Na kazi ninayoichambua hapa, iliyofanywa na fundi mmoja wa mjini humo juu ya kompyuta ya mezani ya duka la steshenari, inastahili kuelezwa kwa kuwa taratibu yake ilimfikisha kwenye sababu bila kununua chochote.

Kompyuta ile ilikuwa na kipande kimoja cha ramu aina ya DDR3, chenye gigabaiti 4, ikaongezewa cha pili cha kadiri hiyohiyo kilichotengenezwa na kampuni nyingine. Iliwaka vizuri, ikaonyesha gigabaiti 8 kamili, na taabu haikuonekana ila pale kazi zilipokithiri, picha za paspoti zikihaririwa huku nyaraka ndefu zikichapwa. Windows ikawa inatoa leo kosa la usimamizi wa kumbukumbu, kesho kosa la jina jingine kabisa. Kubadilika huko kwa makosa kulikuwa dalili ya kwanza yenye thamani, kwa sababu programu mbovu aghalabu hukosea palepale kila inapoendeshwa, ilhali kumbukumbu isiyo thabiti hudhuru chochote kilichosadifu kuwekwa mahali penye udhaifu.

Jambo la kwanza alilolifanya fundi lilikuwa kuisimamisha kazi, kukitoa kipande kipya, na baada ya hapo kunakili mafaili ya wateja kwenye diski ya nje. Mpangilio huu una hekima kubwa kuliko unavyoonekana. Kuzima ghafla ni hasara ionekanayo. Iliyo mbaya zaidi ni ile isiyoonekana, pale kumbukumbu inapogeuza data kimya kimya na data hiyo ikahifadhiwa kana kwamba ni sahihi. Katika msimbo wa kawaida wa kompyuta, tarakimu 1 na tarakimu 9 zinatofautiana kwa biti moja tu. Biti hiyo ikipinduka ndani ya hati ya mauziano ya shamba au orodha ya alama za wanafunzi, hakuna skrini ya buluu itakayomtahadharisha mtu. Lau angenakili mafaili huku vipande vyote viwili vikiwa ndani, nakala zenyewe zingepita katika kumbukumbu ileile anayoishuku.

Udhaifu huo hautashangaza mtu akijua jinsi ramu ifanyavyo kazi. Tangu Robert Dennard wa IBM alipopewa hataza ya ugunduzi wake mwaka 1968, kila biti ya kumbukumbu ya aina hii huhifadhiwa kama chaji ya umeme ndani ya kapasita ndogo mno, na chaji hiyo huvuja kama maji katika mtungi wenye ufa. Kwa hiyo kila safu ya kapasita lazima isomwe na kujazwa upya ndani ya milisekunde 64, na joto la chipu likipita nyuzi 85 muda huo hupunguzwa hadi nusu. Kusoma, kujaza na kuandika hufuata vipimo vya muda vilivyoandikwa na mtengenezaji ndani ya kichipu kidogo kilichopo juu ya kila kipande, navyo ndivyo mazabodi huvisoma kila kompyuta inapowashwa. Muda ukibanwa kuliko kipande kiwezavyo kustahimili, biti moja katika mamilioni yasiyohesabika husomwa vibaya, na hiyo moja yatosha.

Palikuwa na watuhumiwa wawili wengine, ambao kwa mazingira ya Katavi ilikuwa haki wachunguzwe mapema: vumbi na umeme. Vumbi la kiangazi huingia ndani ya kasha na kutanda kwenye sloti. Kwa hiyo fundi aliuchomoa waya wa umeme, akagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini mwake, akazisafisha sloti kwa brashi laini na miguu ya ramu kwa kitambaa chenye spiriti, akavirudisha vipande vyote viwili hadi vishikizo vikalia. Masaibu yakaendelea. Ama umeme, kwa miaka mingi Mpanda iliishi kwa majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa, na dhana ya kuulaumu kwa kila kifaa kinachozimika imekita mizizi. Lakini kompyuta hiyohiyo, kwenye soketi hiyohiyo na UPS hiyohiyo, ikifanya kazi zilezile nzito kwa kipande cha zamani peke yake, ilitulia. Watuhumiwa hao wawili wakaachiwa kwa ushahidi.

Hapo ndipo angekoma mwenye pupa. Kutulia kwa kompyuta baada ya kukitoa kipande kipya kulithibitisha kwamba shida ilikuja pamoja na nyongeza. Hakukuthibitisha kwamba kipande chenyewe ni kibovu. Fundi akaiwasha kompyuta kwa fleshi yenye Memtest86+, programu ya bure inayotokana na ile aliyoanza kuiandika Chris Brady mwaka 1994, ambayo huanza kabla ya Windows na kwa hiyo huweza kupima karibu kumbukumbu yote, pamoja na sehemu ambazo Windows ingekuwa imezikalia. Alikipima kipande kipya peke yake katika sloti ya kwanza, kisha katika ya pili. Akafanya vivyo hivyo kwa cha zamani, kila kipimo kikiachwa usiku kucha, maana udhaifu mdogo haujitokezi katika mzunguko mmoja. Hapakuwa na kosa hata moja. Ramu zote mbili zikawa nzima, na sloti zote mbili nzima. Vilipowekwa pamoja, makosa yakajitokeza.

Basi ubovu haukuwa ndani ya kipande chochote. Ulikuwa katika kufanya kazi kwao pamoja. Mazabodi ilikuwa imevipangia vyote viwili mwendo mmoja wa DDR3-1600 na vipimo vya muda vya namna moja, na kila kipande kilivimudu kikiwa peke yake. Lakini vipande viwili huongeza mzigo kwa kidhibiti cha kumbukumbu, na akiba ndogo ya muda iliyokuwapo ikaisha. Fundi akaingia bayosi, akateremsha mwendo hadi 1333, asiguse kitu kingine, akarudia kipimo cha usiku: makosa yakatoweka.

Tiba hii ya kuteremsha mwendo ina mipaka yake. Kompyuta nyingi za ofisini zinazotoka kwa watengenezaji wakubwa hazimruhusu mtu kubadili mwendo wa ramu, na kwa hizo dawa ni kutafuta vipande viwili vinavyolingana kwa kampuni, mwendo na volti. Pale kubadili huko kunaporuhusiwa, hasara ni ndogo: kutoka 1600 hadi 1333 ni kupoteza takriban sehemu moja ya sita ya mwendo wa kumbukumbu, jambo lisilohisika katika kuchapa na kuhariri picha, ilhali kuwa na gigabaiti 8 badala ya 4 huiepusha kompyuta na kukimbilia diski kila kazi zinapozidi.

Mwishoni fundi aliandika katika karatasi, akaibandika ndani ya kasha, kila kipimo na matokeo yake, pamoja na mwendo alioupanga, kwa kuwa betri ndogo ya mazabodi ikifa mpangilio huo utafutika na masaibu kurejea. Karatasi kama hiyo inafaa iwe sharti la kila mteja. Anayelipia matengenezo ana haki ya kumwuliza fundi, kwa adabu lakini bila kusita, ubovu huu umeuthibitisha kwa kipimo gani. Na fundi aliyebadili jambo moja tu kila mara, akapima, akaandika, hatakosa jibu.