Juu ya Walimu wa Mapenzi

Kila kazi ina mahali pake pa kujifunzwa. Seremala hujifunza kwa seremala, mvuvi hujifunza kwa mvuvi, na mwalimu hupelekwa chuoni kufundishwa namna ya kufundisha. Walakini katika zama zetu imetokea kazi moja isiyo na chuo, wala mtihani, wala cheti, wala mkaguzi, nayo ni kazi ya kuwafundisha watu jinsi ya kupendwa. Wenye kazi hii huketi mbele ya simu, wakawasha taa ya duara, wakaonyesha saa kubwa ya mkononi, wakaanza kusema. Na maelfu ya watu huwasikiliza. Yumkini wewe, msomaji wangu, ni mmoja wa wasikilizaji hao. Sikulaumu. Mimi pia nimewasikiliza kwa muda wa likizo nzima, daftari mkononi, kama mwalimu aketivyo nyuma ya darasa kulisikiliza somo la mwalimu mwenziwe.

Nianze na ufunguzi wa somo, maana ndipo ustadi wa mwalimu unapoonekana kwanza. Sisi tulifundishwa kwamba somo jema huanzia katika jambo analolijua mwanafunzi, kisha likamvusha taratibu kwenda katika lile asilolijua. Mwalimu wa mapenzi huanza kwa kutisha. Hukwambia kwamba umekosea tangu siku ulipopata fahamu. Kwamba wenzako wanakucheka. Kwamba wakati unapita na wachumba wema wanakwisha kama mandazi ya asubuhi. Akishakutisha hukusimulia kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu duni, amekataliwa na kudharauliwa, mpaka siku moja akagundua siri. Siri yenyewe haisemi. Siri imo katika sehemu ya pili, na sehemu ya pili inalipiwa.

Sababu ya maneno kuwa mengi namna hiyo si fumbo. Tangu mwaka 2020, kampuni ya YouTube imeruhusu matangazo ya biashara kuingizwa katikati ya video yenye dakika 8 au zaidi. Kwa hiyo jibu la dakika moja husukumwa kama donge dogo la unga wa chapati, likasukumwa tena, mpaka likatoboka, ili mradi lifike dakika 8. Video moja niliyoitazama iliahidi kufundisha maneno ya kwanza ya kumwambia msichana usiyemjua. Nilingoja. Palikuwa na kisa cha gari, kisa cha Dubai, kisa cha rafiki aliyefilisika. Katika dakika ya 7 maneno yenyewe yakafika: mwamkie, umwulize jina lake.

Baada ya kutisha huja hesabu. Watu wote, wake kwa waume, hupewa alama kati ya 1 na 10, nao hugawanywa katika wenye thamani ya juu na wenye thamani ya chini, na mahali wanapokutana huitwa soko. Nimewahi kumwona mbuzi akipimwa hivyo mnadani, akafunuliwa meno na kubonywa mbavu. Na hata mbuzi hakupendezwa. Lakini mbuzi ana hali bora katika jambo moja, kwamba mpimaji wake alimgusa. Mwalimu wa mapenzi huwapima watu ambao hajapata kuwaona.

Kisha huja sayansi. Hapana somo katika masomo haya lisilomtaja mwanamume aitwaye alfa, yaani yule wa kwanza, atawalaye wenziwe kama mbwa-mwitu mkuu wa nchi za baridi atawalavyo kundi lake. Jina hili lina historia, nayo yafaa ijulikane. Mwaka 1947 mtaalamu Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wake juu ya mbwa-mwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama, mjini Basel. Wanyama hao walipigania ukubwa. Mwaka 1970 Mmarekani David Mech aliandika kitabu juu ya mbwa-mwitu, na kwa kitabu hicho neno alfa likaenea duniani. Walakini Mech hakuacha kuchunguza. Aliwafuata wanyama hao katika makazi yao ya asili, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la mwituni kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Anayeongoza huongoza kwa kuwa ni mzazi. Mech akamsihi mchapishaji aache kukichapa kile kitabu cha kwanza.

Basi tazama, msomaji, ajabu ya jambo hili. Mtaalamu amelirudisha neno lake, na walimu wa simu wameliokota jalalani na kulivaa kama joho. Mwenye kutaka kuwa alfa kwa kweli angepaswa kuoa kwanza, akazaa, akaamka usiku kumbembeleza mtoto. Hata mbwa-mwitu wa nyika zetu, wale wenye mabaka na masikio ya duara, huwatanguliza watoto wao kula windo lililopatikana. Sijasikia somo la alfa likilitaja hilo.

Asidhani mtu kwamba kazi hii ilizaliwa na intaneti. Ovid, mshairi wa Roma aliyezaliwa mwaka 43 kabla ya Kristo, alitunga vitabu 3 vya mafunzo ya mapenzi: 2 vya wanaume na 1 cha wanawake. Aliwaelekeza vijana waende katika michezo ya kuigiza na mashindano ya farasi, wakae karibu na wanawake, na kumpangusa mwanamke vumbi la nguo hata kama hapana vumbi. Baadaye akatunga shairi jingine la kuwaponya waliopenda, hivi kwamba ugonjwa na dawa vilipatikana katika duka moja. Lakini Ovid alikuwa akicheka. Katika siku zake washairi walitunga mashairi mazito ya kufundisha kilimo na ufugaji wa nyuki, naye akajivika joho la mwalimu makusudi, ili aone kama mapenzi yaweza kufundishwa kama ufugaji wa nyuki. Msomaji wake alijua kwamba mwalimu anatania. Kaisari Augustus hakucheka. Mwaka 8 baada ya Kristo alimhamishia Tomis, katika pwani ya Bahari Nyeusi, na mshairi akafia huko. Mwenyewe alisema kwamba sababu zilikuwa 2, shairi na kosa, na lile kosa hakulieleza.

Warithi wake wamerithi joho bila kicheko. Mwaka 1995, huko Marekani, Ellen Fein na Sherrie Schneider walitoa kitabu cha sheria kwa wanawake: usimpigie mwanamume simu wewe wa kwanza, akikualika kwa Jumamosi na Jumatano imekwisha kupita, kataa. Kikanunuliwa sana. Mwaka 2001 wakatoa kingine cha sheria za ndoa, na wakati huo huo Bibi Fein alikuwa katika kuachana na mumewe. Mganga hajigangi, nisingemcheka kwa kuachika, kwa maana ni jambo la huzuni liwezalo kumpata yeyote, ila ninacheka kwamba sheria ziliendelea kuuzwa.

Kilichofuata ni kikubwa zaidi. Mwaka 2005 mwandishi wa magazeti Neil Strauss alitoa kitabu kiitwacho The Game, ambacho ni habari ya wanaume waliokutana kwa njia ya intaneti wakapeana mbinu za kuwanasa wanawake. Kila mmoja alijipa jina la bandia. Mkuu wao, aliyejiita Mystery, alivaa kofia kubwa ya manyoya ili aonekane, kama tausi atanuavyo mkia; tena alifundisha kwamba mwanamke mzuri yafaa aambiwe neno dogo la kumshusha, ili ajitilie shaka na kutafuta kibali cha aliyemshusha. Vijana wengi wa nchi nyingi walikisoma kitabu hiki kama mwongozo. Nami nasema walikisoma vibaya, kwa kuwa kinafunguka kwa kumwonyesha Mystery huyo huyo, bingwa wa mabingwa, akiwa amevunjika moyo kabisa, na mwanafunzi wake akimpeleka kutibiwa. Mwandishi aliweka onyo mlangoni, wasomaji wakaliruka kama mtu arukavyo dimbwi. Mwaka 2015 Strauss alitoa kitabu kingine, akaeleza humo kwamba mbinu zile hazikumfundisha kukaa na mtu mmoja, na kwamba alimdanganya mwanamke aliyempenda. Kitabu hicho cha pili ndicho bora, na ndicho kisichotajwa.

Juu ya Andrew Tate, aliyekuwa bingwa wa ngumi na mateke, nitasema machache, maana ametajwa kupita kiasi. Mwaka 2022 aliendesha shule ya mtandaoni yenye karo ya dola karibu 50 kwa mwezi, na wanafunzi waliolipwa fungu kwa kila mwanafunzi mpya waliyemleta wakazisambaza video zake kila mahali. Ndiyo maana ulimwona bila kumtafuta. Mwezi wa Agosti mwaka huo kampuni kubwa za mitandao zilizifunga kurasa zake. Desemba alikamatwa pamoja na ndugu yake kwa tuhuma za kusafirisha watu, wakazikana, na hilo ni la mahakama kuamua. Walikamatwa Rumania. Tomis ya Ovid, ambayo leo huitwa Constanța, imo katika nchi hiyo hiyo.

Labda utaniuliza kwa nini mwalimu wa shule ajisumbue na vichekesho hivi. Sababu ni insha moja. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu barua ya kirafiki, wamshauri mwenzao aliye na huzuni. Mvulana mmoja mpole, wa kuketi karibu na dirisha, aliandika kurasa 2 kwamba wanawake wote hutafuta fedha, kwamba anayeonyesha upole hudharauliwa, kwamba asijibu ujumbe wa msichana kabla ya saa 3 kupita. Sarufi yake ilikuwa safi. Nilimwita, nikamwuliza ni msichana gani aliyemtenda hivyo. Akafikiri. Hapakuwa na msichana. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyewahi kuzungumza naye kwa kirefu ni mmoja tu, waliyegawana rula katika mtihani wa hesabu, naye alikuwa mkarimu. Kijana huyu hakuwa na ukali wowote. Alikuwa na hofu, na mtu wa mbali alikuwa amemuuzia hofu hiyo ikiwa imefungwa katika karatasi ya ushujaa. Tena msichana yule wa rula, asiyejua lolote, alikuwa amekwisha kuhukumiwa.

Hapa nataka nitende haki. Walimu hawa husema mema pia: oga, piga nguo pasi, jifunze kazi, usimkate mtu kauli. Hayo hata bibi yako alikwambia, tena bure. Nao wamepata nafasi kwa sababu viti vingine vimebaki vitupu. Pwani, msichana alikuwa na somo yake, mwanamke mzima wa kumwambia mambo ya unyumba bila haya. Mahali pengi bara palikuwa na shangazi, babu na mjomba wa kazi hiyo. Leo shangazi yuko Nairobi, mjomba yuko Qatar, mtoto yuko bwenini. Kiti hakikai kitupu muda mrefu.

Shangazi mmoja angali kazini. Katika gazeti la Taifa Leo iko safu iitwayo Shangazi Akujibu, nami huiona ni kazi yenye heshima kuliko video zote nilizozitaja, si kwa kuwa shangazi hakosei, bali kwa kuwa hungoja kuulizwa. Kwanza huja mtu mmoja na tatizo lake. Kisha huja jibu, fupi, la tatizo hilo. Mwalimu wa simu hutoa jibu kwanza, halafu huenda akitafuta watu wa kuwapa tatizo linalolingana nalo. Tena fikiri juu ya malipo yake. Mwanafunzi wangu akifaulu huondoka shuleni, na kuondoka kwake ndiyo sifa yangu. Mwanafunzi wa mwalimu wa mapenzi akipata mwenzi akatulia, haitazami tena video, na mwalimu amepungukiwa. Sisemi kwamba anaomba ubaki mpweke; nasema kwamba upweke wako ndio shamba lake.

Lugha yetu inayo kazi kuu ya aina hii, nayo ni utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858. Mama huyo, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Alimtungia binti yake, Mwana Hashima, mausia juu ya dini, adabu na mume. Mengi anayoyaagiza juu ya utii wa mke, msichana wa leo atayapinga, na ana haki ya kuyapinga, na katika darasa langu wanayapinga kwa sauti kubwa. Lakini uyasome ukiwa na video zile kichwani, uone tofauti. Mwanafunzi ni mmoja, ana jina, amekaa karibu na kitanda. Mwalimu amepata kuolewa, amepata kufiwa, na anasimulia jinsi alivyoishi na mumewe mpaka siku ya mauti, wala hajidai kwamba ana siri. Hakuna anachouza. Kisha, baada ya mausia yote, humwombea dua. Nilitafuta dua, au hata neno la kumtakia heri mtazamaji, katika video za likizo nzima. Zote zilimalizika kwa kuniagiza nibofye.