Kituo na Mwisho wa Safari: Usimulizi wa Hija ya Miguu Ukisomwa kutoka Isiolo

Uhakiki wa masimulizi ya Kikristo katika Kiswahili umeelekea kuitazama safari kama istiari tu. Kielelezo kikuu cha mtazamo huo ni kazi ya John Bunyan ya mwaka 1678, inayojulikana kwa Kiswahili kama Safari ya Msafiri. Humo Mkristo huwaacha mke na watoto, hupita mahali palipopewa majina ya fadhila na maovu, akafika mji wa mbinguni asirudi. Kweli, sehemu ya pili ya mwaka 1684 inamtia njiani mkewe pamoja na watoto. Lakini njia ni ile ile ya mafumbo. Makala haya yanadai kwamba kielelezo hicho hakitoshi kuyasomea masimulizi ya mahujaji waendao Namugongo kwa miguu, na kwamba upungufu wake hudhihirika zaidi kwa msomaji aliye Isiolo.

Mwezi Mei 1886, Wakristo waliohukumiwa na Kabaka Mwanga walitembezwa kutoka Munyonyo kuelekea Namugongo. Ponsiano Ngondwe aliuawa Ttakajjunge, Gonzaga Gonza Lubowa, Athanasi Bazzekuketta Nakivubo. Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Majina haya si mafumbo. Ni ya mahali panapofikika, na kila mahali pana mtu aliyeishia hapo. Kwa hiyo kituo katika njia hii si pumziko la kungojea mwisho. Kwa mmoja wao, ndicho kilichokuwa mwisho.

Istilahi ya ushairi inafaa hapa. Kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti: huufunga ubeti bila kulifunga shairi. Ndivyo unavyojengeka usimulizi wa mahujaji watokao Kenya na kwingineko, wanaotembea siku kwa siku. Kila jioni ina ukamilifu wake, na kesho yake msafara huondoka tena. Isitoshe, hujaji wa Namugongo hurudi nyumbani, na masimulizi huzaliwa katika kurudi huko.

Isiolo, kiasi cha kilomita 285 kutoka Nairobi, ni mji wa Waislamu, wengi wao Waborana na Wasomali, na wa Wakristo wakiwemo Wameru na Waturkana. Hapo neno “hija” humpeleka msikilizaji Makka kwanza, kwenye ibada yenye mwezi wake, taratibu zake na ufaradhi wake kwa mwenye uwezo. Mkristo amelichukua jina bila ufaradhi. Akisema anakwenda hija, huulizwa: hija ya wapi? Jibu lake haliwezi kuwa fumbo. Lazima litaje mahali. Neno “shahidi” nalo ni la dini zote mbili, na mji huo umeonja uzito wake: tarehe 14 Julai 2005 Askofu Luigi Locati, mkuu wa kwanza wa Vikarieti ya Isiolo, aliuawa hapo kwa risasi. Kuigeuza damu hiyo kuwa ishara tu ni kuifuta.

Mhakiki basi hana budi kuuliza: walilala wapi, nani aliwapokea, nani alishindwa kuendelea? Mambo hayo, yanayorukwa kama maelezo ya ziada, ndiyo fani yenyewe ya usimulizi huu.