Farasi 5,000, lakini nani alipima?

Juzi mdogo wangu alinionyesha video kwenye telefone yake. Gari la kutoka Dubai, jina lake Devel Sixteen. "Yaya, ona ile mutuka! Iko na nguvu ya farasi elfu tano. Bugatti haiwezi kuikamata." Mimi, na diplome yangu ya Politekiniki, nikamjibu mara moja: "Ile iko bongo." Akanikasirikia, akaniuliza, "Bongo kivipi? Ulipima?" Sikuwa na jibu. Nimeketi nikatafuta jibu, na ninaliandika hapa kwa sababu najua wengi wetu kwenye ukurasa huu tunapenda magari ambayo hatutayagusa.

Gari hili lilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2013, kwenye maonyesho ya magari ya Dubai. Waliahidi injini ya V16 ya lita 12.3 yenye turbo nne, nguvu ya farasi 5,000, mwendo wa kilomita 560 kwa saa, na kutoka sifuri mpaka 100 kwa sekunde 1.8. Kwa mwendo ule, Lubumbashi mpaka Likasi ni dakika 13. (Tuseme peage zote ziko wazi na hakuna lori la madini mbele yako.) Mwaka 2017 wakarudi kwenye maonyesho yaleyale na gari la mfano. Safari hii mwendo ukatajwa kuwa "zaidi ya 500". Hiyo kilomita 60 ilipungua kimyakimya, hakuna aliyeeleza ilikwenda wapi.

Niseme la haki kwanza, maana mimi nilisema bongo bila kutafuta. Injini ipo. Mwaka 2015 fundi mmoja wa Marekani anayeheshimiwa sana, Steve Morris, aliiweka kwenye mashini ya kupima nguvu na kuonyesha video yake. Ilifika karibu farasi 4,500, kwa mafuta ya mashindano, mpaka mashini yenyewe ikafika mwisho wa uwezo wake. Waliosema injini haipo walinyamaza, na mimi ninavua kofia. Lakini injini iliyofungwa kwenye chuma ndani ya chumba si gari. Haina gia ya kubeba nguvu ile, haina mipira, haina upepo usoni.

Hapo kwenye upepo ndipo namba zenyewe zinaanza kubishana. Mnakumbuka somo: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kushinda hewa inahitajika mara nane. Mwaka 2019 Bugatti Chiron ilifika kilomita 490 kwa saa kule Ehra-Lessien, Ujerumani, ikiwa na farasi kama 1,600. Chukua namba hiyo upige hesabu. Gari lenye umbo linalokata hewa kama ile Bugatti likitaka kufika 560, linahitaji farasi kama 2,400 tu. Na kama kweli una 5,000, unapaswa kupita 700! Basi zile farasi 2,600 zilizobaki zinafanya nini? Ama umbo la gari ni baya sana kwenye hewa, ama namba mbili zilichaguliwa siku mbili tofauti na watu wasiosemezana. Mimi naona ni hilo la pili.

Umbo lenyewe linavutia, sikatai. Mbele ni kama ndege ya vita, na nyuma kuna matundu mawili makubwa ya duara kama ya jeti. Ila ndege inataka hewa iiinue, na gari la mwendo ule linataka hewa iligandamize chini. Bugatti, ili wafike 490, walirefusha mkia wa gari sentimita 25 hivi ili hewa iachane na gari polepole. Ni kazi isiyopendeza kwenye poster. Matundu ya jeti kwenye gari la pistoni yanaiambia hewa nini? Hakuna. Yanamwambia mdogo wangu.

Halafu mipira. Kwa kilomita 560, gurudumu la sentimita 70 linazunguka zaidi ya mara 70 kwa sekunde moja. Fanya hesabu ya nguvu inayovuta nje: kila gramu moja ya mpira inavuta kama uzito wa kilo 7. Gramu moja, bandugu. Kwa lile gari la Bugatti, mipira ya Michelin ilipimwa mpaka 511 kwa saa, na waliipiga picha za radiografi kabla ya kuifunga. Anayeahidi 560 angeanza kwa kutuonyesha mpira.

Ile sekunde 1.8 siikatai kwa ujumla. Rimac Nevera ya Kroatia, gari la umeme lenye mota nne, lilifanya 1.81 mwezi wa nne mwaka 2023, na makampuni mawili ya nje, kila moja na vifaa vyake, ndiyo yaliyopima. Namba karibu ileile, lakini moja iko na mashahidi.

Na mashahidi nao waulizwe. Oktoba 2020, kampuni ndogo ya Marekani, SSC, ilitangaza kwamba gari lake Tuatara limefika kilomita 532 kwa saa kwenye barabara ya Nevada. Dunia ikapiga makofi. Kisha wapenzi wa magari, watu wenye kompyuta tu, wakachukua video, wakapima umbali kati ya alama za barabarani, wakahesabu sekunde. Haikulingana. Wakahesabu gia na mizunguko ya injini. Haikulingana tena. Kampuni ya vifaa vya kupimia iliyotajwa ikasema haikuthibitisha kitu. Mwenye SSC akakubali kurudia, na Januari 2021 wastani wa kwenda na kurudi ukawa 455. Bado ni mwendo wa ajabu! Lakini 532 ilikuwa imeshaandikwa kila mahali.

Kwa nini nalichukulia jambo hili moyoni, na hata pesa ya mafuta ya taksi inanisumbua? Baada ya diplome nilifanya miezi mitatu kwenye depo moja ya kununua madini, njia ya Kolwezi. Kazi yangu ilikuwa kushika mashini ya mkono inayosoma teneur. Siku moja mchimbaji, baba wa makamo, alileta mifuko yake ya kobalti. Mashini ikasoma 2. Akasema, "Mwanangu, asubuhi kule kwingine walisoma 4." Nikamjibu, "Papa, mashini haidanganyi." Sikujua mashini ile ilisahihishwa lini. Sikuwahi kuuliza. Jioni, watu wameondoka, nilichukua jiwe moja nikalipima pande tatu. Namba tatu, na zilikuwa mbalimbali sana. Yule papa alikuwa ameshalipwa kwa 2, na bon niliiandika kwa mkono wangu.

Basi mdogo wangu aliponiuliza "Ulipima?" aliniuma kuliko alivyojua. Nimemrudishia hesabu zote hizi kwenye karatasi. Alisoma mpaka kwenye mipira, akacheka, akasema ile ya kilo 7 ataipeleka kwa mwalimu wa fizikia. Picha ya Devel bado iko mbele ya telefone yake, na sikumwambia aitoe. Yale matundu ya nyuma, kusema kweli, ni mazuri.